Mwanafunzi wa Hilda Podmore

Gaynor Tams aliniomba jambo moja tu kabla hatujatundika hata picha moja: nisiwaalike wanawake wa kiwanda cha zamani cha Harcott. Alisema ukumbi ni mdogo, na wao ni wengi, na baadhi yao wanatembelea magongo. Nilimwambia nimeshawaandikia barua tangu wiki iliyopita, na kumi na mmoja wamejibu kwamba watakuja. Akakaa juu ya sanduku la mbao lililoleta picha yake kubwa kutoka London, akaangalia viatu vyake.

"Na Hilda Podmore?"

"Yeye ndiye aliyejibu wa kwanza."

Akainuka, akaanza kung'oa misumari ya sanduku. Nilidhani ni majivuno ya mtu aliyepata jina, anayeona haya kuonekana na wazee wa nyumbani. Nimetundika picha za watu katika ukumbi ule wa Longton kwa miaka kumi na saba, na nimewaona wasanii wanaowaficha mama zao jikoni siku ya ufunguzi. Nilikosea. Haya ilikuwapo, lakini haikuwa ya namna hiyo.

Gaynor alizaliwa hapa hapa Longton, sehemu ya Stoke, mji wa vyombo vya udongo wa Uingereza, mwaka 1963. Baba yake alikuwa mchomaji wa vyombo tanurini, mama yake alibandika vishikio vya vikombe. Alipofika miaka kumi na sita aliingia kiwanda cha Harcott, chumba cha wachoraji, ghorofa ya pili, wanawake ishirini na nne wameinamia mabenchi marefu, kila mmoja na sahani yake na kidole chake kidogo kimeegemea ukingoni ili mkono usitikisike. Akaketishwa kando ya Hilda Podmore.

Hilda wakati huo alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na waridi lake lilijulikana kiwanda kizima. Waridi hilo halikupakwa, lilifutwa. Kwanza aliweka doa zito la rangi juu ya sahani nyeupe, doa baya lisilo na umbo, kama jemu iliyoanguka mezani. Kisha alichukua brashi safi yenye unyevu, akaanza kuondoa. Mikwaruzo mitatu, minne, na pale palipoondoka rangi mwanga uliingia, petali zikajikunja zenyewe. Wasichana wengine walikuwa wakiacha kazi zao kumtazama.

"Kuweka rangi anaweza hata mpwa wangu wa miaka minne," alikuwa akimwambia Gaynor. "Angalia ninapoondoa."

Chumba kile kilikuwa na sharti lake. Kila mchoraji alikuwa na alama ndogo aliyoiweka chini ya sahani kabla haijaenda kwenye tanuri. Ya Hilda ilikuwa majani mawili yaliyogusana ncha. Mwanafunzi hakuwa na alama. Kwa miaka saba kila alichokichora kilitoka na alama ya mwalimu wake, mpaka siku ambayo mwalimu angechukua sahani yake, aiweke kwenye meza ya katikati na kusema mbele ya wote, "Huyu amepita." Kabla ya siku hiyo, sifa ya mwanafunzi ilikuwa ya mwalimu, na kosa lake pia lilikuwa la mwalimu. Mkaguzi akija na sahani iliyoharibika, hakumuuliza msichana. Alisimama mbele ya Hilda.

"Ni mkono wangu, bwana," Hilda alikuwa akisema. "Macho yana ukungu leo."

Na kila mtu chumbani alijua ni nani aliyeharibu.

Jambo hilo lilimpata Gaynor mara tatu. Mara ya tatu zilikuwa sahani arobaini na nane za hoteli, zilizojaza ubao mzima wa kubebea vyombo, na zote alikuwa amezichora huku akiwaza dansi ya Jumamosi. Hilda alisema ni zake. Akazifuta zote arobaini na nane kwa tambara, akaanza upya. Saa ya chakula alimkatia Gaynor nusu ya chapati yake ya oti yenye jibini, baridi, akamwambia, "Kula. Mkono wenye njaa unatetemeka." Hakutaja sahani zile tena.

Mwaka 1983, akiwa amemaliza miaka minne kati ya saba, Gaynor aliondoka. Alikuwa akisoma uchoraji jioni kwenye chuo cha mji, na mwalimu mmoja alimsaidia kupata nafasi katika chuo cha sanaa London. Hakumwambia Hilda. Ijumaa ile alisafisha brashi zake, akatundika aproni msumarini kama mtu atakayerudi Jumatatu, akasema, "Wikendi njema, Bi Podmore."

"Kwa nini hukumuaga?" nilimuuliza.

"Niliogopa angesema sijapita bado," akasema. "Na ni kweli sikuwa nimepita."

London walimuuliza ametoka wapi. Alijibu alivyozoea kujibu, bila kujua kwamba kuna majibu ya kuficha.

"Stoke. Nilikuwa nachora sahani."

Kijana mmoja mwenye skafu ndefu, mtoto wa watu wa kusini, alipiga makofi. "Kumbe ni wewe uliyechora vikombe vya bibi yangu! Anakushukuru sana. Mbwa wake ananywea maji humo."

Darasa lote lilicheka. Gaynor naye alicheka, kwa sababu asingecheka ingekuwa vibaya zaidi. Lakini tangu siku hiyo neno sahani halikutoka kinywani mwake, na jioni chumbani kwake alijizoeza kusema maneno kama wanavyoyasema wao.

Mwaka wa tatu alitandaza turubai kubwa kuliko yeye mwenyewe, akalifunika lote kwa rangi nzito ya mafuta, nyeusi iliyochanganyika na nyekundu ya damu. Kisha akachukua tambara na kufuta. Alifuta kwa mkono mzima, kuanzia begani, mikwaruzo ile ile, pale pale. Aliporudi nyuma hatua kumi aliona waridi la Hilda, kubwa kama mlango.

Mwalimu wake alisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu. Wanafunzi walikusanyika. Yule wa skafu alikuwa mbele yao.

"Hii umeitoa wapi?" mwalimu akauliza.

Gaynor alimtazama yule kijana wa skafu. Kisha akasema: chumba anachopanga kina dirisha lenye masizi. Asubuhi moja alilifuta kwa tambara, akaona mwanga unaingia kama ua.

"Ulikuwa uongo wa sekunde tatu," aliniambia. "Sikuutunga. Ulitoka mzima, kama yai."

Mwalimu aliuandika katika barua ya kumsifu. Barua ikaingia kwenye jarida. Maonyesho yake ya kwanza yakaitwa Masizi. Ya pili yakaitwa Madirisha, na hayo ndiyo yaliyompa jina. Asidhani mtu kwamba alikuwa nyota. Alifundisha siku mbili kwa wiki, alipanga karakana chini ya daraja la reli ambapo rangi zilitetemeka treni ilipopita, aliolewa na akaachana na mume bila kelele. Lakini katika vitabu vinavyoeleza wachoraji wa Uingereza wa wakati wetu kuna aya moja kumhusu, mara nyingine mbili, na hakuna aya isiyo na lile dirisha. Wapo waliokwenda kuipiga picha nyumba ile. Gaynor mwenyewe aliniambia dirisha la chumba kile lilitazamana na ukuta wa matofali. Halikuingiza mwanga hata siku moja.

Kila Krismasi alirudi Longton kwa mama yake. Mwaka mmoja, sokoni, alimwona Hilda amesimama kwenye meza ya jibini, akiwa na kikapu, akibishana na muuzaji kuhusu ukubwa wa kipande. Gaynor aliingia katikati ya mapazia yaliyotundikwa kwenye duka la jirani, akasimama humo.

"Unachagua, dada, au unajificha?" mwenye mapazia akamuuliza.

Alinunua mita nne za kitambaa cha kijani asichokihitaji. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Basi tukafika Jumamosi ya ufunguzi, saa nane mchana. Wale kumi na mmoja walikuja wote pamoja, na makoti yao mazuri. Tuliwapa chai, na kabla hajanywa hata mmoja, visahani kumi na kimoja viliinuliwa juu na kugeuzwa, wasome chini vimetengenezwa wapi. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya, harusini, mazishini, kwa mfalme pia tungefanya.

"Uturuki!" alisema Doreen Mountford, aliyekuwa akipaka dhahabu kwenye kingo pale Harcott kwa miaka thelathini. "Wametuletea chai ndani ya vitu vya Uturuki. Longton!"

"Kunywa, Doreen," mwenzake mmoja akamwambia.

"Nitakunywa. Lakini sitaki mtu aniulize kama nimefurahi."

Hilda hakucheka. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomtarajia, miaka themanini na minane, koti la buluu limefungwa mpaka shingoni. Macho yake yamekufa katikati. Anaona kwa pembeni tu, kwa hiyo akitaka kukutazama anageuza kichwa kama kuku. Alipita picha mbili bila kusimama. Mbele ya Dirisha la Tatu, ile kubwa kuliko zote, akasimama.

"Sogea kidogo, bata," aliniambia. Bata ndiyo jina tunaloitana huku, ujuane na mtu usijuane naye.

Nikasogea. Akageuza kichwa upande huu, akakigeuza upande ule. Kisha akanyoosha mkono na kupitisha kidole gumba juu ya rangi, taratibu, kama anavyofanya mtu wa vyombo anapotaka kujua kama rangi imeiva. Mlinzi alianza kuja. Nilimzuia kwa ishara, sijui kwa nini.

"Mafuta," alisema Hilda. "Lakini waridi ni langu."

Doreen alikuwa nyuma yake na miwani yake. Ukutani kulikuwa na kibao cha maelezo. Kibao hicho nilikiandika mimi, kwa sentensi zangu nzuri kuliko zote: asubuhi ya London, tambara, masizi, mwanga. Doreen akamsomea.

"Soma tena," alisema Hilda.

Akasoma tena, polepole zaidi.

"Dirisha gani?"

"La London, wanasema."

"Aa."

Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona kwa mtu mwingine katika miaka yote kumi na saba. Alishika pembe ya chini ya fremu kwa mikono miwili, akaivuta mbali na ukuta, akainama, akaingiza uso nyuma ya picha. King'ora kikalia. Mtu wa Longton anageuza sahani. Picha hakuna anayeigeuza. Nilidhani ni uzee. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akitafuta majani mawili yaliyogusana ncha. Hakuwahi kumpitisha Gaynor Tams. Kwa sharti la chumba chao, kila waridi lililotoka mkononi mwa Gaynor tangu 1979 hadi siku ile lilipaswa kuwa na alama ya mwalimu wake. Hakuwa na hasira. Alitafuta kama mtu anayelitafuta jina lake katika orodha akijua kwamba limo.

"Doreen, niangalizie. Macho yangu haya."

"Hakuna kitu, Hilda."

"Angalia kwenye pembe."

"Hakuna, shoga yangu. Kuna jina lake tu."

King'ora kilikuwa kimewaleta watu wote. Gaynor alikuja na glasi mkononi, akasimama hatua tatu kutoka pale. Binti mmoja wa redio ya hapa akamsogezea Hilda kipaza sauti.

"Bibi, unamfahamu msanii wetu?"

"Alikaa nami kiwandani. Miaka minne."

"Kumbe! Kwa hiyo maua haya ni wewe uliye..."

"Ndiye hasa!" alianza Doreen. "Huyu ndiye..." Hilda akamkanyaga mguu.

Watu wakamgeukia Gaynor. King'ora kilikuwa kimezimwa. Gaynor alihitaji kusema neno moja tu, "ndiyo". Aliniambia neno hilo lilikuwa mdomoni mwake, alilihisi kwa ulimi, kama kipande cha kiazi cha moto ambacho huwezi kukimeza wala kukitema mbele za watu. Hilda aligeuza kichwa. Alimtazama Gaynor kwa ukingo wa jicho lake.

"Hapana," akasema kwenye kipaza sauti. "Langu lilikuwa waridi dogo. Huu si mkono wangu. Nimevuta picha ya watu kwa sababu ya uzee, mnisamehe. Macho yana ukungu leo."

Mimi maneno yale sikuyajua yalikotoka. Gaynor aliyajua. Na mpiga picha wa gazeti aliposema, "Simameni pamoja basi, mwalimu na... sawa, marafiki wa kiwandani," Gaynor alikwenda akasimama kando ya Hilda, akatabasamu. Picha ipo. Hilo ndilo linalomtesa kuliko uongo wenyewe: kwamba alitabasamu, na kwamba ni tabasamu zuri.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, alinipigia simu kuniomba nimsindikize. Alisema anaogopa hatafunguliwa mlango. Tulienda kwa miguu mpaka Normacot, kwenye safu ya nyumba nyekundu zinazofanana. Njiani ndipo aliponieleza yote haya, bila kunitazama, akiongea na barabara.

Doreen alikuwako, ameketi karibu na hita na soksi zake nene. Hilda alifungua mwenyewe.

"Ingieni, mnanitolea joto."

Gaynor alisimama katikati ya zulia. "Bi Podmore," alisema, na ile sauti ya London haikuwapo. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa lipi? Una mengi. Uliondoka Ijumaa hukuniaga. Aproni yako niliifua, nikaitundika tena. Ilikaa msumarini mpaka Krismasi, nikiwaambia watu una homa."

"Homa ya miezi mitatu," alisema Doreen. "Tulikuombea kanisani, mjinga wewe."

"Nimekuja kwa lile dirisha," alisema Gaynor.

"Eh. Dirisha." Hilda alimimina chai, kidole kimoja kikiwa ndani ya ukingo wa kikombe ili ajue imefika wapi. "Keti."

Gaynor hakuketi. "Jana ungeweza kusema ukweli. Watu wote walikuwapo. Kwa nini hukusema?"

"Nilikupitisha lini?"

"Hukunipitisha."

"Basi. Wewe bado ni wangu, na kosa ni langu. Nimelelewa hivyo. Sikukutoa kwa mkaguzi, sembuse kwa yule msichana wa redio. Naye ni mkaguzi tu, ila ana nywele nzuri."

"Mimi ningekutoa," alisema Doreen. "Ningekutoa mpaka kituo cha basi."

Gaynor alianza kulia. Hakulia vizuri, watu wa rika lake hawajui kulia.

"Lia, lakini sogeza hiyo keki," alisema Doreen.

"Nataka kuandika jina lako," Gaynor akasema. "Ukutani, kwenye kitabu cha maonyesho, nyuma ya kila picha. Nitaanza leo. Watajua wote kwamba ni wewe uliyenifundisha."

Hilda aliweka birika chini. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika, na hasira yake haikupandisha sauti.

"Jina langu. Miaka arobaini wanakusifu, hukulihitaji. Leo umeshikwa na aibu, ndiyo unalikumbuka. Unataka nikubebee ubao mwingine wa sahani mbovu."

"Hapana, Bi Podmore."

"Ndiyo. Najua watakavyosema. Tazameni alivyo na moyo, kapata jina kubwa na hajamsahau bibi wa kiwandani. Watakupigia makofi. Makofi mengine tena! Mimi nitakuwa nimesimama hapo na koti langu, wananishika mkono. Sitaki. Uliongopa wewe. Andika uongo wako, uweke jina lako chini yake, lako peke yake. Mimi niache nilipo."

"Na baadaye?"

"Kunywa chai. Inapoa."

Jumatatu Gaynor aliniletea karatasi. Nilisoma, nikamuuliza kama ana hakika.

"Chapisha kabla sijapata akili," alisema.

Nikaondoa kibao changu cha sentensi nzuri. Kipya kiliandikwa hivi: "Hadithi ya dirisha si ya kweli. Niliitunga kwa sababu niliona aibu kwamba nilitoka kiwandani. Njia hii ya kufuta rangi nilifundishwa Longton na mchoraji wa vyombo. Nilichukua ua lake na nikamnyima jina lake kwa miaka arobaini, na mara ya mwisho nilifanya hivyo Jumamosi, mbele yake. Gaynor Tams."

Watu wanaouza picha zake London walipiga simu siku ile ile. Hawakugomba. Walikuwa wapole sana. Walipendekeza aandike kwamba kumbukumbu za ujana zilichanganyika. Nilikuwa nimesimama kando yake.

"Hazikuchanganyika," alisema. Akaisikiliza simu kidogo. "Hapana. Zote nazikumbuka, hata skafu."

Maonyesho yalikuwa na wiki sita mbele yake. Angeweza kurudi London na kuiacha karatasi ile izungumze peke yake. Badala yake alipanga chumba juu ya duka la mikate, na kila Jumamosi alikuja kusimama kando ya Dirisha la Tatu, mikono nyuma, kama mlinzi. Watu walisoma, wakageuka, wakamwona.

"Wewe ndiye huyu?"

"Ndimi."

"Na huyo aliyekufundisha anaitwa nani?"

"Hajaniruhusu kumtaja."

Nililisikia jibu hilo mara nyingi mno, na kila mara masikio yake yaligeuka mekundu. Kulikuwa na waliomwonea huruma, na hao ndio waliomuumiza zaidi. Kulikuwa na mwanamume aliyesema kwa sauti kwamba sasa picha hazimpendezi tena. Mmoja wa wanawake wa Harcott alirudi Jumamosi moja na mjukuu wake, akasoma mpaka mwisho, akamkodolea macho.

"Mji mzima tunalijua jina lake," alisema. "Ni wewe tu usiyeweza kulitaja? Pole sana." Akamshika mjukuu mkono, wakaondoka.

Nami sikuwa na pa kujificha. Nilikuwa nimeuandika ule uongo kwa mkono wangu, katika mji ambao mama yangu alibandika vishikio kwenye benchi moja na mama yake Gaynor, na sikuwahi kujiuliza inawezekanaje msichana wa Harcott ajifunze kufuta rangi kutoka kwenye dirisha.

Hilda hakuja kukiona kibao. Doreen alikuja badala yake, akanakili maneno yote nyuma ya bahasha, akaenda kumsomea. Nilipomuuliza Hilda alisema nini, Doreen alisema: "Alinifanya nisome mara mbili. Kisha akauliza kama leo ni siku ya kuzolewa takataka."

Picha tuliziteremsha mwezi wa tatu. Baada ya hapo nilikwenda Normacot peke yangu, kumwomba Hilda ruhusa ya kuyaandika haya pamoja na jina lake.

"Wewe andika, bata," alisema. "Hukuchukua kitu changu."

"Na Gaynor?"

Alifikiri, kichwa amekigeuzia dirishani. "Siku ile hakuniuliza. Aliniambia anataka. Mwanafunzi hamwambii mwalimu wake 'nataka'. Aje aniulize."

"Akikuuliza, utamkubalia?"

"Hilo nitalijua akiuliza."

Nilimfikishia Gaynor maneno hayo. Alikuwa akipanga brashi zake katika sanduku, akaendelea kuzipanga, akasema atakwenda Jumapili. Jumapili ilipita. Akasema ijayo. Hajarudi London, chumba cha juu ya duka la mikate bado amekipanga, na kutoka pale mpaka kwa Hilda ni mwendo wa dakika kumi. Aliniambia mara moja kwamba haogopi kukataliwa. Kukataliwa anajua namna ya kuishi nako; kukubaliwa, hapana.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha. Doreen ndiye aliyenisimulia. Alimwona Gaynor akija bila mwavuli, akafika mpaka kwenye lango dogo, akaweka mkono juu ya komeo. Doreen alikuwa dirishani. Akampungia aingie, akamwonyesha birika kwa kidole. Hilda alikuwa ameketi nyuma yake na aliuliza, "Ni nani?" Gaynor naye akapunga mkono, kwa adabu, kama mpita njia anayemsalimia mtu asiyemjua, akaondoa mkono kwenye komeo na kuendelea kutembea katika mvua.